Naenda Tu

Asubuhi ya leo nilikuwa napiga pasi sketi ya shule, nimepiga magoti sakafuni, kaka yangu Shunpei akashuka ngazi. Kanyoa upara. Kavaa shati jeupe, vifungo vimefungwa mpaka shingoni. Akapita nyuma yangu bila kunivuta nywele, na hicho ndicho kilichonitisha, maana hajawahi kupita bila kunivuta nywele.

Yote yaliletwa na filamu.

Majira haya ya baridi walikuja watu hapa kwetu kuigiza maisha ya Hizume, mwandishi aliyezaliwa mtaa wa juu, karibu na hekalu. Kabla ya vita alikuwa anaandika hadithi za mapenzi, wasichana wanazisoma kwa kujificha. Halafu akabadilika. Akaanza kuandika kwamba nchi imeoza, haisafishiki ila kwa damu. Vijana wakamfuata. Wakaenda Tokyo kumuua waziri mmoja, wakakuta waziri hayupo, ameenda kuvua samaki, basi wakamuua mpishi wake. Kisha wakajichoma visu, Hizume wa kwanza.

Shunpei alichukuliwa awe mmoja wa wale vijana. Kazi yake ni kuosha magari kwenye kituo cha mafuta, mtihani wa chuo alishafeli, na sijui kama kuna mtu aliwahi kumwambia kafanya kitu vizuri. Kwenye filamu alipewa neno moja, la kumuaga mama. Kwetu anayetoka nyumbani husema "naenda narudi", hata kama anatupa taka tu, na anayebaki hujibu "nenda urudi". Mwongozaji akawakataza: "Ninyi semeni 'naenda' tu. Hamrudi ninyi."

Basi nyumbani ikawa "naenda" bafuni, "naenda" kwenye ngazi.

"Neno moja unalikariri wiki nzima?" Bibi, aliyetulea sisi wawili, akamtania huku anamenya figili. "Mimi naongea kutwa na sikariri hata moja."

"Ndiyo maana hawakukuchukua, Bibi."

"Wangenichukua, huyo Hizume ningemzaba kofi, filamu ikaisha mapema."

Tukacheka wote. Sikumbuki kama tulicheka tena.

Siku walipoigiza pale hekaluni nilienda, nikajibanza nyuma ya taa. Vijana wamepiga magoti kwenye theluji, mwigizaji wa Hizume anawasomea. Mwongozaji akasema kata. Wote wakainuka wanalalamika miguu imekufa ganzi, Hizume mwenyewe akaomba chai akaondoka zake. Shunpei hakuinuka. Alikuwa anatazama pale Hizume alipokuwa amesimama. Hapakuwa na mtu, lakini macho yake yalifuata kitu, polepole, kama unavyomwangalia mtu anatembea.

Bwana mmoja anaitwa Kurata, wa yale magari meusi yanayozunguka na vipaza sauti kutukana wageni, akamfunika koti. "Kijana," akamwambia, "wenzako wanaigiza. Wewe umekumbuka."

Chumba chake na changu vimetenganishwa na mlango wa karatasi tu. Tangu siku hiyo nikawa nasikia watu wawili wanaongea huko. Mmoja anauliza, mwingine, kwa sauti ya mtu wa makamo, anajibu. Wote ni Shunpei.

Meseji zake zamani zilijaa vikatuni vya paka. Vikaisha. Siku moja nilimuuliza nchi gani inacheza mpira leo, akanijibu kwa herufi ya kizamani ya "nchi". Kwetu neno zima ni mchoro mmoja: siku hizi tunachora sanduku, ndani tunaweka kito. Ya zamani, ndani ya sanduku kuna mkuki. Kwenye simu haiji yenyewe, mpaka uitafute.

Nikajikaza, mimi ambaye hata darasani naambiwa kila siku niongeze sauti. Tulikuwa tunakula.

"Kaka, yule mpishi aliitwa nani?"

"Mpishi gani?"

"Waliyemuua."

Akalikodolea macho bakuli lake mpaka supu ikaacha kutoa mvuke. "Hayumo kwenye filamu," akasema.

Sasa leo asubuhi, gari lilikuwa linanguruma nje. Sikuhitaji kuchungulia kujua rangi yake. Shunpei akakaa pale mlangoni, akavaa viatu, akasimama.

"Naenda."

Jikoni kisu cha Bibi kikanyamaza. "Wee Shunpei! Hebu rudia. Sema vizuri."

"Nimeshasema, Bibi."

"Hujamaliza. Wakati wa vita mjomba wangu alisimama hapo hapo ulipo, akakatisha hivyo hivyo. Nilikuwa mdogo, nikadhani haraka imemsahaulisha. Malizia, mjukuu wangu. Kaneno kamoja tu, kanakushinda?"

Shunpei akageuka akaniangalia mimi. Alikuwa anangoja, najua alikuwa anangoja. Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Nikasikia harufu, kumbe pasi inaunguza sketi. Nilipoinua macho mlango ulikuwa umefungwa.

Bibi akavuta droo ya visu, akachungulia, akairudisha. "Vipo vyote," akasema, wala sikuwa nimemuuliza. Akapiga simu kituo cha mafuta, wakamwambia Shunpei kaacha kazi tangu juzi. Akapiga polisi.

"Ana umri gani, mama?"

"Ishirini na mmoja."

"Huyo mtu mzima. Kusafiri si kosa."

"Nyie mngoje mpaka liwe kosa!" Bibi akafoka, lakini walishakata.

Mimi nikamwandikia Shunpei meseji ndefu, nikafuta. Nikaandika "nenda urudi", nikafuta pia, maana hilo haliandikwi, linasemwa mlangoni. Jioni ndipo nikatuma hii: "Kaka, unarudi saa ngapi? Bibi anauliza apike wali wa watu wangapi."

Bibi hakungoja jibu, kapika wa watatu. Meseji bado haijasomwa.