Jina la Mia Mbili na Tatu

Bwana Muhuri alikuwa akikoroga chai. Kijiko kiligonga kikombe ndani ya kioo cha kompyuta, na Msajili, aliyeketi juu ya kasha la karatasi za mitihani katika ghala la chini ya maktaba, alihisi kila mlio ukimchoma kama sindano. Nyuma ya mtu yule kulikuwa na dirisha zima na bustani iliyofagiwa. Kuna watu ambao vita huvisoma tu magazetini.

"Orodha yako nimeizuia," alisema yule bwana.

"Yote?"

"Yote."

Miezi miwili Msajili alikuwa akiokoa matokeo kutoka katika mafaili yaliyoungua kingo, akiyaingiza moja moja kwenye mfumo wa chuo cha ng'ambo alikofanya kazi yule bwana, ili wanafunzi wake waendelee na masomo kwa mtandao. Aliyekuwa kwenye orodha hakuchukuliwa jeshini; ndivyo serikali ilivyokubali. Jina la Bwana Muhuri alilibandika yeye mwenyewe, kwa kuwa kila siku mtu huyo alidai muhuri, kana kwamba muhuri haukuteketea pamoja na jengo la utawala.

"Wewe unakunywa chai, sisi tunakula vumbi!" alifoka. "Watoto mia mbili na tatu, na masomo ni Jumatatu. Unataka nini tena, damu yangu iwe wino?"

"Nataka ukweli. Mwanafunzi wa mwisho ana alama za mtihani wa tarehe tisa. Tarehe tisa chuo chenu kilikuwa kinaungua."

Msajili akaisogelea kompyuta.

"Jina liliingizwa kwa nywila yako. Ukiniandikia kwamba ni kosa la tarehe, nitapokea. Lakini hicho kitakuwa kiapo, mama. Uongo ukigundulika, ushirikiano wote unakufa. Nakupa hadi saa kumi."

Picha ikakatika.

Alifungua faili la mwisho, na jina akalijua kabla hajafika katikati yake. Alikuwa mtoto wa dada yake, fundi wa baiskeli asiyewahi kukanyaga darasa la chuo, ambaye kwa wiki sita hakuwa ametoka nje asije akakamatwa. Na Dada ndiye aliyemsaidia kuchapa majina, alasiri tatu mfululizo, nywila ikiwa kwenye kikaratasi kando yake.

Alimkuta nyumbani akikunja shuka.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Ulitaka niombe ruhusa?"

"Umewaponza watoto mia mbili na wawili!"

"Hao wana mama zao. Mimi nina wangu mmoja." Dada aliibwaga shuka. "Nimekubeba mgongoni kabla hujajua kusimama. Leo nakuomba tarehe. Tarehe tu, mdogo wangu!"

"Na ikigundulika?"

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe hujazaa, utajuaje? Lifute jina hilo, na hapa usirudi."

Nyuma ya pazia la chumba cha ndani mtu alikohoa, kisha akajizuia.

Msajili alirudi ghalani akaandika: *Ni kosa la tarehe.* Maneno manne, mepesi kama unyoya. Akayatazama. Miezi yote hiyo hasira ya mtu aliyeshukiwa bure ndiyo iliyokuwa mkongojo wake; kila alipochoka, alimlaani Bwana Muhuri akapata nguvu. Sasa mkongojo umevunjika, na aliyeuvunja katoka tumboni mwa mama yake. Akapitisha macho kwenye majina. Wengi aliwajua kwa mwandiko: huyu herufi zake zililala kifudifudi, yule alikandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka.

Akafuta maneno yake manne, akapiga simu ya video.

"La mwisho ni la uongo. Litoe."

Bwana Muhuri hakushangilia. "Ni nani wako?"

"Mtoto wa dada yangu."

Yule bwana akakisukuma kikombe kando. "Orodha naifungua," akasema hatimaye. "Nywila yako naifunga. Na barua itakwenda kwa mkuu wa chuo chenu. Sina njia nyingine."

"Sijakuomba njia."

Majina yakaanza kugeuka kijani, moja baada ya jingine. Hakusubiri yamalizike.

Nyumbani alikuta mlango umetiwa komeo. Akagonga.

"Hapa huna ndugu!" Sauti ya Dada ilikuwa imepasuka.

Aliinua mkono agonge tena, ukaganda hewani. Gari la askari lilikuwa limekata kona, likija polepole, wawili wakitembea mbele yake na kuchungulia milango. Msajili akageuka, akaketi kizingitini, mgongo wake kwenye mbao, akanyoosha miguu kama mwenye nyumba aliyetoka kupunga upepo.

Nyuma yake mtu akachuchumaa. Alisikia pumzi kwenye tundu la ufunguo.

"Mama mdogo," ilinong'ona sauti ya kijana, "umelifuta?"

Gari likapunguza mwendo. Askari mmoja akamtazama usoni, na Msajili, midomo ameifumba, akamtazama vilevile.