Maharage Katika Chili ya Harlan

Tangu alfajiri jungu la umeme lilikuwa likipika taratibu jikoni kwa Velda, nyama ya chili ikilainika ndani ya mchuzi mzito wa pilipili kavu na nyumba nzima ikinukia. Saa kumi wangekuja marafiki wa Harlan, mumewe, kuangalia mpira. Velda aliomba jambo moja tu, siku ipite bila kipigo. Mbavu alizopigwa Jumapili iliyopita zilikuwa bado zinamuuma.

Saa nane Harlan aliingia, akafunua kifuniko. Jungu lile halifunuliwi ovyo, joto lote linapotea, lakini nani angethubutu kumwambia?

"Velda! Hii nini?"

Maharage. Mekundu, mazima mazima, yanaelea. Pale Lubbock, mji wao, kumwekea mtu maharage kwenye chili ni kumtukana, na Harlan alikuwa akijigamba kila baa kwamba kwao hayajawahi kugusa chungu.

"Si mimi. Haki ya Mungu, Harlan, nilitia nyama tupu."

"Unataka wenzangu wanicheke, siyo?"

Kofi lilimtupa Velda kwenye friji. La pili likampasua mdomo. Alipoanguka, buti likamfuata tumboni, mara mbili.

"Mwache!" Opal, mama yake Harlan, alikuwa mlangoni. Miaka tisa bibi huyu aliishi nao, akisikia vipigo na kuongeza sauti ya televisheni, aibu yake mwenyewe. "Nimeyatia mimi."

"Usiingilie, Mama."

"Nyama haikutosha midomo ya wenzako. Wewe nimekukuza kwa maharage, mpumbavu wee! Baba yako akinywea pombe pesa za nyama, mimi nayaponda ndani ya chili mpaka hayaonekani. Leo vidole vimekataa kuponda. Haya, nipige mimi."

Na mwanaharamu yule akampiga kweli, ngumi ya uso.

Velda hakufikiri. Alichomoa chungu cha udongo kilichokaa ndani ya jungu kwa mikono mitupu, viganja vikiungua, akammwagia Harlan chili yote usoni. Harlan alipiga yowe, akashika macho. Velda akamshushia chungu kichwani kikavunjika vipande, na Harlan akalala sakafuni akiugulia.

Opal alijiinua, damu ikimtiririka puani. Alimtazama mwanawe, akamruka, akachukua funguo za gari mezani.

"Mikono yako imeungua, binti yangu," alisema. "Nitaendesha mimi."