Mstari wa Pili wa Bibi Gunvor

...chai yake bado iko mkononi mwangu, ya saa nne, maziwa mengi kama apendavyo, lakini Bibi Gunvor hanywi, ametamka mstari wake mmoja wa shairi na kunyamaza, macho kwa mwanawe, anangoja, na mwanawe ameuliza kwa Kiingereza kama kuna anayejua mama yake anataka nini, nami nimetazama viatu vyangu... anataka mstari wa pili, najua, wiki tatu sasa Kiingereza kimemtoka chote, kimebaki Kiswidi, na daktari amesema ni leo au kesho... "Mama Armel, si wewe ndiye mwalimu wetu wa Kiswidi?" Nesi Wangari wa nyumba hii ya wazee ananinong'oneza akipanga dawa, ananitania tu, hajui kwamba nina daftari, miaka miwili nimemwogesha bibi huyu akisema mashairi, na akishavaa ananifunulia kile kitabu chake kinene, washairi wa Kiswidi wa miaka mia nne, mwanzoni mapadri na watu wa mfalme, wote wamevaa nywele za bandia, halafu wakulima, halafu karibu na mwisho wanawake, picha ndogo, macho makavu, akanionyesha kwenye ramani, kumbe yeye na baadhi yao ni watu wa Ufini, nchi yenye lugha yake nyingine, wakaandika Kiswidi hivyohivyo, nikamwambia hata mimi, Kirundi cha mama yangu, Kiswahili cha kambi ya wakimbizi, akanishika mkono, mkono wangu bado una sabuni... na shairi hili ni la mmoja wa wanawake hao, alinieleza kwa kugonga meza, mtu amefika kwenye mlango uliofungwa, anaita, na mstari wa pili ni sauti ya ndani inayomjibu, kwa hiyo sasa yuko nje, Mungu wangu, yuko nje mlangoni na sisi watatu tumenyamaza... nimeuandika kama ulivyosikika, kwa herufi zetu, nimeukagua mara nyingi, hauna kosa ninaloliona, lakini mimi niliyeishia darasa la sita nisome Kiswidi mbele ya watu, mimi ambaye kanisani nikipewa somo nampa Melchior, mume wangu, asome yeye... huyu mwana alimwambia Wangari jana kwamba utotoni mama alimsemesha Kiswidi naye akijibu Kiingereza, mpaka mama akachoka, alisema akicheka, halafu akaomba kitambaa... na asubuhi hii nimemuuliza Armel kwa lugha yetu viatu viko wapi, akanijibu kwa Kiingereza, chini ya kitanda, na nikaona ni sawa, nilikuwa nachelewa treni, miaka minne ana, atakuja kukaa kwenye kiti kama hiki, mzee na yeye, ataniangalia mdomo, atamuuliza mgeni fulani mama anataka nini... na mgeni huyo akitazama viatu vyake? Bibi Gunvor ameanza tena, mstari uleule, polepole zaidi, na chai bado ina moto, sitausoma mimi, hapana, sauti anayoingoja si yangu, nitainama tu kwenye sikio la mwanawe, neno moja moja, silabi kwa silabi, naye atamjibu mama yake... kikombe nakiweka chini, daftari liko mfukoni, ukurasa naujua.