Mdomo wa Simeoni

Mkutano wa kuchagua mahali pa kuchimba kisima ulianza saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, mwaka wa pili tangu watu wahamishiwe kwenye kijiji kipya, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Mtinko. Wanaume walikaa kwenye madawati yaliyotolewa shuleni. Wanawake walikaa chini, miguu wameinyoosha, wengine wakichambua mlenda kwenye ungo ili siku isipotee bure. Katibu wa kijiji, Gaspari, alikuwa na daftari la mihtasari na kalamu mbili, moja haiandiki.

Wataalamu walikuwa wameshapigilia kigingi bondeni, penye mkonge. Kila mwanamke pale alijua kwamba maji ya bondeni yana chumvi, maana wao ndio walioyateka. Wanaume hawakujua. Wao maji waliyakuta mtungini.

Anastazia alinyoosha mkono. Alikuwa mama wa watoto wanne, umri wake thelathini na kitu, na hakuwa amewahi kusema lolote mkutanoni. Mwenyekiti akamruhusu. Alipofungua kinywa, maneno yakatokea kwenye mdomo wa mumewe, Simeoni, aliyekaa dawati la tatu.

"Ndugu mwenyekiti," alisema Simeoni kwa sauti yake nzito, "maji ya bondeni yana chumvi. Nilipokuwa na mimba ya Dorkas niliyanywa wiki nzima, nikatapika mpaka nyongo. Maji matamu yako kule juu, kwenye mawe, tunapofulia nguo za watoto."

Akakohoa, akanyamaza. Anastazia naye akafunga kinywa, akakaa.

Mwenyekiti alisema hilo ni wazo zuri. Gaspari akaandika: Ndugu Simeoni ameeleza kwamba alipokuwa na mimba ya Dorkas aliyatapika maji ya bondeni, na anapendekeza kisima kichimbwe kwenye mawe. Wajumbe wote wakaafiki.

Njiani Simeoni alitangulia, mkewe akafuata na ungo wake kichwani. Walipofika kwenye shamba la uwele, Simeoni alisimama.

"Mama Dorkas, yale maneno ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Mbona nimeyasema mimi?"

"Sijui, baba Dorkas. Nilidhani wewe utaniambia."

Wakaendelea kutembea.

Kisima kilichimbwa kwenye mawe, maji yakatoka matamu, na Simeoni akachaguliwa kuongoza kamati ya maji. Katika kamati hiyo hapakuwa na mwanamke, ila kila walipokutana wanaume walisema mambo ambayo wanaume hawayajui: mtungi unachubua utosi namna gani, foleni ya alfajiri ina ugomvi gani. Kamati ya kijiji chao ikasifiwa wilayani.

Anastazia alijaribu kuuelewa mpaka wa jambo lenyewe. Akisema "chumvi imekwisha", sauti ilikuwa yake. Akisema "watoto wameoga", ilikuwa yake. Akisema "tusiuze yule fahali", neno liliruka ukuta na kumkuta Simeoni huko malishoni, naye akawaambia wachungaji wenzake kwamba hauzwi, kisha akashangaa kidogo kwa nini anamzungumzia fahali wakati wao wanaongea habari za kupe. Siku moja alisema "mwaka huu tulime alizeti kule kwenye kichuguu," na nusu ya kwanza ikatoka kwake, nusu ya pili kwa mumewe. Jambo hilo lilimchanganya zaidi kuliko mengine. Alikaa jikoni na mwiko mkononi akijiuliza kulima kunaishia wapi na kichuguu kinaanzia wapi.

Aliwauliza wenzake kisimani. Wote walikuwa hivyo hivyo. Felista, aliyefiwa na mume, maneno yake yalitokea kwa shemeji yake aliyebaki kuishi Ilongero. Ilimbidi angoje mtu wa kutoka huko aje amwambie alisema nini.

"Juma lililopita nilikataa kurithiwa," alisema Felista akijaza debe. "Shemeji akajikuta anajikatalia mwenyewe mbele ya wazee. Wakampa mwanamke mwingine."

"Ndiyo umepona?"

"Sijui. Sijapata msafiri wa juma hili."

Baada ya mavuno ya mwaka uliofuata akaja Bi Redempta, bibi maendeleo kutoka wilayani, ndani ya Landrova iliyojaa vumbi. Wanawake walikusanywa uwanja wa shule kusikiliza somo la usawa. Bi Redempta alisimama mbele, amevaa gauni la kitenge, akainua kidole na kufungua kinywa. Somo likatoka ndani ya Landrova, kwenye mdomo wa dereva wake, Melkiori, ambaye alikuwa amezoea. Aliweka gazeti pembeni na kufungua mlango ili asikike vizuri.

"Kina mama," alisema Melkiori, "kuzaa na kunyonyesha ni maumbile yetu. Kubeba maji si maumbile, ni mazoea. Hakuna mwanamke aliyezaliwa na mtungi kichwani. Tulipodai uhuru, sisi tulipita nyumba kwa nyumba na kadi za chama, watoto mgongoni. Leo kwenye kamati tuko wapi?"

Wanawake walipiga makofi wakiitazama Landrova. Gaspari aliandika kwamba dereva wa wilaya alitoa hotuba nzuri juu ya hali ya wanawake, na Bi Redempta alimsindikiza.

Jioni Bi Redempta alikwenda kisimani kunawa miguu. Pale, wakiwa wanawake peke yao, sauti yake ilitoka kwake mwenyewe, nyembamba kidogo.

"Shikamoo," alisema Anastazia. "Na mjini nako ni hivi?"

"Marahaba. Mjini ni hivi hivi. Ila kule wana vipaza sauti."

"Sasa tufanye nini?"

Bi Redempta alifikiri mpaka miguu ikakauka. "Ofisini kwetu tumeandika barua kuuliza," alisema. "Bwana mkubwa wetu ameisaini."

Mwaka huo Dorkas alimaliza darasa la saba, akachaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Jina lake lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji, la pekee la msichana. Juma lile lile Mzee Isaka wa Mtinko, mwenye ng'ombe wengi, akatuma salamu kwamba angefika Jumamosi na ndugu zake kuzungumza habari ya Dorkas na mwanawe, Antipasi.

Anastazia hakuwa na hofu kubwa. Alijua neno litatokea wapi. Tangu Ijumaa alilipanga kichwani, neno fupi lisilo na mlango wa pili. Mchana wa Jumamosi wageni walipokaa barazani na vibuyu vya pombe ya mtama, yeye alisimama upande wa pili wa ukuta, Dorkas karibu naye ameshika barua ya shule.

Mzee Isaka alimaliza maneno yake na kungoja.

Anastazia alisema, "Dorkas anakwenda shule."

Barazani kukawa kimya. Alisema tena. Alisema mara ya tatu, akiusukuma ukuta kwa viganja. Alipochungulia aliona Simeoni amekaa wima kwenye kigoda, mashavu yamejaa pombe, hamezi wala hatemi. Macho yalikuwa yamemtoka. Koo lilikuwa likipanda na kushuka kama la mtu anayezuia kwikwi.

Wageni walisubiri kwa heshima. Kisha Mzee Isaka alisema kwamba baba wa binti akinyamaza, amekubali. Ndugu zake wakasema ni kweli. Wakaaga.

Simeoni alitema pombe vumbini wageni walipopotea kwenye mkonge. Anastazia alitoka, akasimama mbele yake.

"Kwa nini?"

Simeoni alijifuta kidevu. Hakuwa na hasira, wala hakuonekana mtu aliyeshinda.

"Miaka hii miwili kila neno jema nililosema lilikuwa lako," alisema. "Watu wananiita mwenye hekima. Nikasema leo nifunge mdomo, nisubiri linalotoka moyoni mwangu mwenyewe, liwe ndiyo au hapana, nilitamke. Nikasubiri. Halikuja."

"Ungenipa nafasi basi."

"Nilikuwa bado nasubiri, mama Dorkas. Wakaondoka."

Anastazia alitaka kumwambia neno kubwa. Lakini neno hilo lingetoka kwenye mdomo wake yeye Simeoni, naye angekuwa amejitukana mwenyewe barazani kwake, kwa hiyo hakulisema. Dorkas aliikunja barua mara nne, akaichomeka kwenye nyasi za paa la jiko.

Aliolewa kabla ya kupalilia. Habari ya kuziba kinywa ikaenea. Kwenye mikutano ya kijiji wanaume wengi sasa walikuja na pombe, au tumbaku, au maziwa ya mgando, na Gaspari akawa anaandika kwamba mkutano ulikuwa na utulivu.

Miezi sita baadaye, Anastazia na Simeoni walikwenda mnadani Mtinko. Simeoni alibaki kwenye mbuzi. Anastazia alikuwa akichagua nyungu alipomwona mkwewe, Antipasi, mume wa Dorkas, hatua kumi mbali, ameshika kamba ya mtamba. Kama adabu inavyotaka, mkwe hakumtazama. Alimgeuzia bega, akaangalia vilima. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetaja bei:

"Shikamoo, mama. Niko mzima. Nilitaka kwenda shule."

Hakuna aliyegeuka. Anastazia aliyatambua maneno ya bintiye, akaweka nyungu chini. Alijibu, bila kujua jibu litatokea wapi.

Upande wa pili wa uwanja, Simeoni, aliyekuwa ameinama akikagua kwato za beberu, aliinua kichwa na kuita juu ya vichwa vya watu, "Marahaba. Najua, mwanangu. Nilikusemea, sikusikika."

"Asante," alisema Antipasi, na machozi yakamshuka, naye akayafuta kwa mkono wenye kamba.

Watu waliokuwa karibu walisema si kawaida kuona baba mkwe na mkwe wanaoelewana namna ile.