Mama Abalo na Ndege ya Kitgum

Mume wangu Olal ni mtu mzuri, ila mgongo wake ni mkorofi. Alistaafu upolisi kwa sababu ya mgongo huo. Daktari akaupasua, akaushona, kisha akamwambia kusimama ruhusa, kulala ruhusa, kukaa kwenye basi kutwa nzima marufuku. Na kutoka hapa Bukoto, Kampala, mpaka kwao Kitgum, kaskazini ya Uganda, ni kutwa nzima. Mwaka wa pili huu hajamwona mama yake, na mama yake ni mzee. Atakayekwambia mwanaume wa Kiacholi halii, mlete kwangu Jumapili, Olal akishakata simu ya mama yake. Anajifanya anajikuna jicho.

Mimi ni Nelima, mtu wa Bungoma, Kenya, nauza vitenge soko la Nakawa. Nakutajia mapema ili usije ukashangaa mdomo huu nimeutoa wapi.

Basi tukasikia kuna kampuni ya ndege inataka kupanua safari zake. Imechoka na Entebbe na Nairobi, sasa inatazama viwanja vidogo vya mikoani, na Kitgum imo. Lakini walikuwa hawajaamua. Ni Kitgum au mji mwingine, kutegemea abiria wako wapi. Wakamtuma dada mmoja, Zuleika, azungumze na watu wa kaskazini wanaoishi Kampala. Na watu hao utawakuta wapi kwa pamoja, kama si kwenye chama chetu cha kuzikana? Tulikutana Jumamosi mchana katika ukumbi wa Nakawa. Olal alisimama nyuma, ameegemea ukuta, amevaa shati alilolipiga pasi kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa ananyoa ndevu tangu alfajiri, kama ndege yenyewe ingeondoka siku hiyo.

Zuleika alikuwa na adabu zake. Akauliza, "Wazee wangu, ndege ikianza, mtakuwa mnakwenda nyumbani lini?"

Mwenyekiti wetu, Mzee Otim, sajini mstaafu, akajibu wa kwanza. "Krismasi."

Wa pili akasema Krismasi. Wa tatu Krismasi. Mke wa Erinayo, jirani yetu asiyeficha neno, akaongeza Pasaka, Mungu akipenda.

"Na miezi mingine?" Zuleika akauliza. Watu wakatazama viatu vyao.

Yule dada akapoa. Akatuambia kwa upole kwamba ndege haiwezi kusubiri Desemba, kwamba ikiruka na viti vitupu mwaka mzima wakubwa zake wataipeleka kwingine. Nikamwona Olal pale ukutani anainamisha kichwa.

Sasa, nikueleze jambo. Watu wale wanakwenda nyumbani karibu kila mwezi. Kukiwa na msiba, basi linakodiwa kabla ya jioni, na mara nyingi wanafika kaburi limeshafukiwa, wanabaki kulia juu ya udongo. Lakini kwa shemeji zangu hawa, safari ya kuzika haitajwi kabla msiba haujaja. Anayesema mwezi wa tatu nitakwenda kuzika, amemwitia mtu kifo. Hata kwenye chama cha kuzikana, kuzika hakusemwi. Najua, maana alinifundisha Mama Abalo mwenyewe, mama mkwe wangu, mwaka nilioolewa. Najua vizuri kabisa. Lakini nililiona lile shati lililopigwa pasi, damu ikanichemka.

Nikasimama. "Dada Zuleika, usiwasikilize hawa. Hiki ni chama cha kuzikana, na kifo hakingoji Krismasi. Wanakwenda kila mwezi, na wanachelewa kila mwezi. Hata huyu wangu hapo nyuma, mama yake akija kuf..."

Nikajikatiza hapo, lakini neno lilishatoka. Ukumbi mzima uligeuka kumtazama Olal. Akafungua mlango taratibu, akatoka.

Nyumbani hakunigombeza. Heri angenigombeza, maana ugomvi nauweza. Alilala kwenye mkeka wake sakafuni, kauelekea ukuta.

"Mama Apio," akaniita kwa jina la mtoto wetu, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kambi za polisi, "wewe nataka kuzika mama yangu?"

"Nataka umwone, Baba Apio. Basi."

"Kwa nini nasema mbele ya watu?"

Sikujuta kumwambia Zuleika ukweli, lakini nilijuta nilivyomtaja yeye na mama yake mbele ya watu. Nilimpikia malakwang, mboga yake ya nyumbani, na hakuimaliza. Nampenda huyu mtu mpaka ninakasirika, na usiku ule sikujua nimwambie vipi.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Simu ya Kitgum ikalia kabla hatujaipiga sisi, na Mama Abalo akaniulizia mimi. Nikajua mke wa Erinayo ameshafanya kazi yake. Mama Abalo ni mjane wa mwanajeshi, alikaa kambi ya Jinja miaka mingi, na Kiswahili chake ni cha huko huko. Nikaweka sauti ya juu ili Olal asikie.

"Nelima. Mimi nasikia wewe nasema mimi nakaribia kufa."

"Mama, nisamehe, nili..."

"Nyamaza kwanza. Huyo msichana ya ndege, yeye nauliza watu ya Kampala peke yake?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa nini? Ndege ikifika huku, itarudi tupu? Mimi natapika kwa basi, hiyo wewe najua. Lakini ndege mimi hapana jaribu bado. Ambia yeye iko wamama huku, watoto yao iko Kampala. Kila mtu nangoja mtoto, mtoto hapana kuja. Sisi itapanda. Mimi kwanza."

Olal akainua kichwa kutoka mkekani. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini.

Jumatatu nikampigia Zuleika. Nikampa maneno ya Mama Abalo, naye akacheka. "Mama, sisi tuliwaza wanaotoka Kampala tu." Akaenda Kitgum mwenyewe, akauliza kanisani, msikitini na sokoni, na wamama hawakumtajia Krismasi. Kampuni ikakubali kujaribu. Wakatenga hata viti vichache kwa mtu mwenye safari ya ghafla, na hakuna anayemuuliza ghafla ya nini.

Siku ya ndege ya kwanza, Erinayo alitupeleka Entebbe kwa gari lake, Olal kalazwa kiti cha nyuma. Tulipofika alisimama mlangoni, amenyooka kipolisi, na lile shati tena. Abiria wakatoka. Nyuma yao kabisa akaja Mama Abalo, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, amekumbatia kopo la odii, siagi ya simsim, na amekataa kupokewa na mtu.

Hakunisalimia. Aliweka kopo chini, akamshika mwanawe uso kwa mikono miwili, akampapasa mgongo polepole, juu mpaka chini.

"Mama," Olal akasema kwa kile Kiswahili chao cha kambi, "sisi ilikuwa naogopa sana. Naogopa wewe..."

"Mimi mzima," akasema. "Ni wewe. Wao napasua wewe, mimi iko mbali. Kila siku mimi hapana lala, nasema mtoto yangu itakufa, mimi hapana ona yeye."

Safari hii Olal hakujikuna jicho. Alilia mbele ya watu wote, na mimi nikaokota kopo la odii nikawangoja.