Kinasa Sauti Kwenye Kona ya Mabati

Mhandisi wa sauti alikuwa amekadiria kishindo cha roketi kwa kila nyumba iliyopakana na uwanja wa kurushia. Nyumba ambayo kishindo kingevuka kiwango, wenyewe wangepelekwa hotelini siku ya kurusha. Kwa shangazi yake na kwa jirani wa shangazi, hesabu ilisema hakitavuka, ingawa kwa kubana sana. Shangazi, ambaye alishanunua vazi la kuogelea, alinuna wiki nzima.

Lakini makadirio ni makadirio. Injini ilipowashwa kwa majaribio, kila nyumba iliwekewa kinasa sauti katikati ya ua, mbali na kuta. Cha jirani kilizidi hesabu kwa desibeli mbili. Cha shangazi, ng'ambo ya uzio uleule, kwa nane. Mhandisi akashika njia kwenda kwa shangazi.

Alikikuta kimebanwa kwenye kona ya uzio wa mabati, mahali ambapo sauti hugonga na kujirudia.

"Shikamoo, Shangazi. Hiki kimefikaje huku?"

"Marahaba. Kilikuwa kinachomwa na jua, mwanangu. Nikakionea huruma."

"Ukakileta kwenye mabati."

"Umekuja kunisalimia au kunipeleleza?"

"Kona inaongeza kelele. Kipimo chako nakifuta."

"Futa. Chukua cha huyo kiherehere wa hapo, si ni jirani?"

"Kila nyumba na kipimo chake. Isiyo na kipimo inabaki na makadirio."

"Cha kwake kimesemaje?"

"Kimevuka."

"Bila kuguswa?"

"Upepo ulivuma upande huu. Hata chako, ungekiacha nilipokiweka, huenda kingevuka."

"Huenda?"

"Sasa hatutajua."

Shangazi alijiketisha juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Na injini haijaribiwi tena?"

"Inayofuata ni roketi yenyewe."

Siku ya kurusha, basi la hoteli lilisimama kwa jirani. Mhandisi alikuwa uani kwa shangazi, akimkabidhi vizibo vya masikio, jirani alipochungulia juu ya uzio, miwani ya jua usoni. Yeye na shangazi hawakuwa wamesemeshana tangu uzio ujengwe.

"Jirani yangu mpenzi," alisema, "niangalizie kuku. Wanaogopa sana kelele."

Basi likaondoka. Shangazi hakuondoa mkono wake uliokuwa wazi.

"Nipe na vya kuku," alimwambia mhandisi.