Saa Moja ya Ndege

"Saa moja ni saa moja, Baba!" nikasema. "Ndege haitangoja wewe unawe miguu!"

"Nani kakwambia inaondoka saa moja? Soma tena. *Tanga Dar saa moja.* Huo ni mwendo. Umeishia darasa la tano, halafu unanifundisha mimi kusoma?"

Simu yenyewe, ile ya maandishi ya posta, ilikuwa mezani: EFRAZIA UUGUZI JUMATANO NDEGE TANGA DAR SAA MOJA. Basi. Ukituma simu unalipia kila neno, kwa hiyo ofisi iliyoituma ikabana maneno mpaka yakatushinda.

Efrazia ni dada yangu. Alichaguliwa kusomea uuguzi Dar, na masika yalikuwa yamekata barabara ya Dar, ndiyo maana ya ndege. Asipofika Jumatano, nafasi anapewa mwingine. Na siku hiyo ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Kama ndege inaruka saa moja asubuhi, lazima apande basi la saa nane pale Soni, akalale Tanga. Tanga hatuna ndugu.

"Binti yangu mimi, Sefania, alale gesti?" Baba alisema. "Leo nina zamu shamba la ujamaa. Kesho nampeleka mwenyewe."

Mimi nikabaki na swali. Basi la Soni mpaka Tanga linakula nusu siku. Ndege ifike Dar kwa saa moja tu? Nikaenda shule, kwenye ramani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umerudi darasani?" Mwalimu Danieli akacheka.

"Nimekuja kupima."

Nikanyoosha uzi wa mkonge toka Tanga mpaka Dar, nikaulaza kwenye kipimo cha maili chini ya ramani. Maili mia na ishirini na kitu. Fupi! Barabara inazunguka Korogwe, Chalinze, kama mlevi. Ndege haina kona.

"Inakimbia maili ngapi kwa saa?"

"Muulize aliyepanda. Mimi nimepanda lori."

Aliyepanda ni bwana shamba, Selemani. Nikamkuta sokoni anachagua kabichi. Nikamwamkia, nikamuuliza.

"Dakika hamsini hazikufika," akasema. "Chai bado inaniunguza ulimi, tunaambiwa tufunge mikanda."

"Na tumbo?"

"Tumbo nililiacha Tanga."

"Mliondoka saa ngapi?"

"Ile yangu? Alasiri."

Kumbe zipo na za alasiri. Nilipanda mlima nikijiuliza nidanganye au nisidanganye. Nikamkuta Baba anatia jembe mpini.

"Mwendo ni kama saa moja, Baba. Unaweza kuwa sawa."

"Eee!"

"Na mimi naweza kuwa sawa. Maneno ni yale yale."

Efrazia akauliza toka jikoni, "Kwa hiyo hamjui?"

"Hatujui," nikasema.

Akatoka na sanduku, kanga keshajifunga. "Baba akiwa sawa, nitakaa uwanjani nitazame ndege mpaka yangu ije. Huyu akiwa sawa, nimewahi. Sitalala gesti. Nitaomba benchi hapo hapo uwanjani."

"Benchi? Mwanangu mimi?" Baba akaweka jembe chini. "Rudi ndani!"

Efrazia akapiga goti mbele yake, taratibu kabisa. "Shikamoo, Baba."

Salamu ile huwezi kuiacha bila kuijibu. Hata ukiwa na hasira ya nyati.

"Marahaba," ikamtoka.

Dada akaipokea kama ruhusa, akainuka, akabeba sanduku kichwani, akageuka, akashuka njia ya Soni.